Sukari ya Wagonjwa

Jina lile niliandika mimi, kwa mkono wangu, kwenye kaunta ya Jafeti pale Majengo. Ilikuwa mwaka 1995, bidhaa za nje zimefurika madukani, nyingine hata muuzaji hajui ni nini. Jafeti alileta kutoka Tunduma makopo madogo ya vidonge vyeupe, vitamu kupita sukari. Mimi nilikuwa bibi afya wa kata, nimetoka chuoni mwaka huohuo.

"Nisomee, dada Atusaye."

"Ni kitu cha kutia utamu. Si sukari."

"Nani atanunua 'kitu'? Kinatumiwa na nani?"

"Wenye ugonjwa wa sukari."

"Basi andika Sukari ya Wagonjwa. Fupi, inaeleweka."

Nilijua si sawa. Lakini dukani palikuwa na wateja, na mimi kubishana mbele za watu sijui. Nikaandika vikaratasi kumi na viwili, akavibandika kwa gundi.

Haukupita mwezi, maneno yakazagaa: vidonge vinaleta kansa, vinamaliza nguvu za kiume. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano.

"Waliwapa panya, panya wakafa!" alisema Mzee Baltazari, fundi cherehani.

"Panya wa kwako wanakula sabuni ya magadi na wanazaa," Jafeti akamjibu. Watu wakaangua kicheko.

Modesta, mama lishe wa stendi, hakucheka. "Mimi nauliza ndani mna nini. Hiki kikaratasi kinanitajia mgonjwa, hakinitajii kitu."

Nikaitwa nieleze. Nilisema, kwa sauti ya chini, kwamba vidonge viwili vitatu kwa siku havijathibitika kumdhuru mtu. Kwenye daftari nilikuwa na sentensi moja zaidi: havipandishi sukari mwilini, hivyo mgonjwa akishukiwa na sukari havitamsaidia. Kabla sijaisoma, sauti ikatoka nyuma: "Paza sauti, bibi afya, au na wewe umeshavimeza?" Wakacheka tena. Nikakaa.

Mzee Mboje alikuwa mfugaji wa Izia, Msukuma aliyehamia Ufipa na ng'ombe wake miaka mingi iliyopita. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Siku moja alimeza dawa yake ya hospitali asubuhi, akatoka bila kula kufuata ndama waliopotelea upande wa Kasense. Alirudi mchana akitetemeka, jasho linamtiririka. Mkewe, Rahel, alikumbuka alivyofundishwa kliniki: akiwa hivi, sukari imemshuka, mpe maji ya sukari upesi. Akamkorogea vile vidonge vya Jafeti. Glasi tatu. Mzee akapoteza fahamu, akapelekwa hospitali kwa mkokoteni wa ng'ombe.

Hakufa. Lakini aliporudi nyumbani hakuwajua ng'ombe wake, yeye aliyekuwa akiwaita mmoja mmoja kwa jina.

Nilikwenda kuwaona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda." Akaanza kueleza kabla sijauliza. "Ni mimi. Nilimpa kidogo. Kama ningeongeza glasi ya nne, angekuwa mzima. Kila siku nasema, Rahel, ulibania nini?"

Ningeweza kumwambia pole, nikanywa maziwa aliyonimiminia, nikaondoka. Angeendelea kujihukumu kwa kosa lisilo lake, nami ningebaki bibi afya asiye na doa.

"Mama, hata ungempa ndoo nzima," nilisema. "Vile vidonge si sukari. Vina utamu tu. Lile jina nililiandika mimi, nikijua."

"Si sukari?"

"Si sukari, mama."

"Na ile ninayowawekea wageni?"

Sikuwa nimelifikiria hilo. Nilikuwa nimekuja kumtua mzigo.

"Ile ingemsaidia," nikasema.

Aligeuka kutazama kabati. Bakuli la sukari lilikuwa palepale, limefunikwa kisahani, limejaa.

"Nililisogeza," alisema polepole. "Lilikuwa mbele. Nililisogeza, nikachukua kopo. Nikasema hii ndiyo ya mgonjwa."

Nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Hakunifukuza. Baadaye akasema, "Kamwambie na mwenyewe. Yuko zizini."

Nilimkuta Mzee Mboje ameegemea boma. Nikamwambia yote, tangu duka la Jafeti. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akitikisa kichwa.

"Pole, binti," akasema. "Na huyo mgonjwa, amepata nafuu?"