Mnyororo wa Mchanga na Kaboni

Mwaka 1966, baada ya miaka mitano ya kusomea kemia Uingereza, Alio Korane alirudi Garissa kumwona mama yake aliyekuwa mgonjwa. Kwenye kizuizi cha daraja la Tana, polisi walipekua mkoba wake wakakuta daftari na kichupa chenye kipande cheupe, kikubwa kama kidole gumba. Wiki iliyotangulia lori lilikuwa limekanyaga bomu la ardhini lililotegwa na waasi wa porini. Wakampeleka kituoni.

Inspekta Musembi alifungua daftari. "Sio, sio, sio, sio," akasoma. "Sio nini? Mnaandikiana hivi huko porini?"

"Si ni silikoni, afande, na O ni oksijeni. Ndivyo vinavyofanya mchanga. Nimevipanga vikawa mnyororo laini kama mpira, nikauunga na mnyororo mwingine wa kaboni, mgumu kama plastiki ya chanuo."

"Kwa nini usichanganye tu?"

"Vitajitenga, kama mafuta na maji. Lazima viungwe ncha kwa ncha, ndani ya chupa isiyo na hewa. Hewa ikiingia kidogo tu, mnyororo hufa."

"Hufa," Musembi alirudia, akaliandika neno hilo.

Akamwita Mwalimu Gacheri, aliyefundisha sayansi pale mjini. Mwalimu alipekua kurasa kwa muda mrefu bila kumtazama Alio usoni.

"Kazi hii imenizidi, Inspekta. Lakini sioni bomu."

"Huoni, au halipo?"

Mwalimu alirudisha daftari mezani, macho chini. Alio akaona mlango wa selo ukiwa wazi nyuma ya askari.

"Kichomeni kipande hicho," akasema. "Kitatoa moshi mweusi wa masizi, hiyo ni kaboni. Kitabakiza majivu meupe. Huo ni mchanga."

Kilikuwa kipande pekee alichokuwa nacho, kazi ya miezi minane. Askari alikiwasha uani, wengine wakajificha nyuma ya ukuta. Moshi mweusi ulipanda, kisha ukabaki unga mweupe kwenye bati.

Musembi aliugusa kwa ncha ya kalamu. "Umejuaje yote hayo kabla?"

"Ni mimi niliyekitengeneza."

"Ndiyo maana nauliza."

Walimwachilia kwa sharti la kuripoti kila asubuhi. Daftari likabaki kituoni.

Kesho yake jioni Gacheri alibisha hodi nyumbani kwa akina Alio, mkononi ameshika daftari jipya la shule. "Andika kabla hujasahau," alisema.

"Nani amekutuma, mwalimu?"

"Hakuna. Niliona aibu jana."

Mama yake Alio, Fatumo, akiwa amelala kitandani, aliagiza mgeni aletewe chai. Gacheri alikunywa polepole, kisha akauliza mnyororo wa kwanza huanzishwaje. Alio aliangalia viatu vya mwalimu vilivyosafishwa vizuri, akajiuliza kama njia aliyokuja nayo ilikuwa imepitia kituoni.

"Nimesahau," alijibu.

Mwalimu aliinamisha kichwa, akaaga. Alio alimsindikiza kwa macho mpaka alipokata kona, huku hatua zote za kuutengeneza mnyororo ziko kichwani, moja baada ya nyingine, na daftari tupu mikononi.