Eliamini Afunga Maji Mombasa

Tangi la nje lilikuwa likimwagika tangu alfajiri, na katika nyumba nzima ya wageni hakuna aliyejishughulisha. Eliamini alizunguka nyuma ya jiko, akainama, akaishika koki na kuizungusha taratibu mpaka mlio wa maji ukanyamaza. Akafuta mikono kwenye suruali, akarudi chumbani moyo mweupe.

Mazoea yana taabu. Kwao Bombo, huko milima ya Upare, Eliamini ndiye mfunguaji wa ndiva, lile bwawa linalokinga maji ya kijito usiku ili asubuhi yagawiwe mashambani kwa zamu. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake, na kwa ajili yake hakuwa amewahi kulala nje ya kijiji, hata alipooa. Mkewe Blandina alivumilia, akazaa, akalea, akawa bibi. Mwaka huu kwaya ya usharika ilipopanga kwenda kupumzika Mombasa mwisho wa juma, alimwambia neno moja tu: "Twende wote, Baba Jenifer. Na huko usiguse maji ya watu."

Eliamini aliahidi. Ndiva akamwachia mpwa wake, wakateremka Same, wakavuka mpaka pale Holili. Njia nzima Blandina alicheka na wenzake, kicheko ambacho mumewe alikwisha kukisahau. Kilimpendeza, ila hakusema.

"Nani alofunga maji?"

Alikuwa Mwanahalima, mwenye nyumba ile ya wageni, amesimama uani na ndoo tupu. Wanakwaya walichungulia milangoni na mataulo yao, mmoja ana povu mpaka masikioni.

"Ni mimi, mama," alisema Eliamini. "Yalikuwa yanamwagika."

"Lamwagika hilo moja, baba. Matangi ya juu, yajazwayo na koki hiyo hiyo, hayajaingia kitu. Hapa kwetu maji ya mji huja kwa zamu, na zamu yetu ilikuwa alfajiri hii. Sasa yashakwenda mtaa wa pili."

Eliamini aliona haya, haya ya kweli. Kwao, mtu akikatiza zamu ya mwenzake huitwa mbele ya wazee na kutozwa faini, na anayemwita ni yeye Eliamini. Wanakwaya hawakumsema. Walimcheka kidogo, na hilo lilimuuma zaidi.

"Nendeni baharini," aliwaambia. "Mimi nitabaki. Nitawaita wauza maji wa mikokoteni, nijaze matangi mwenyewe."

Blandina alikuwa amekwisha vaa kitenge kipya, viatu mkononi.

"Umefurahi," alisema.

"Nimeaibika, Mama Jenifer."

"Umeaibika, na umefurahi. Umepata kazi."

Ilikuwa kweli. Blandina akawafuata wenzake.

Mikokoteni ilikuja. Eliamini alipokea madumu, akapanda ngazi, akamimina, akashuka. Kwa muda hakuwaza kitu, na jasho likamtoka vizuri. Lakini kila aliposhuka alikuta ua ni mtupu, na neno la mkewe limesimama palepale. Alijua kwamba safari ya pili haitakuwapo, na kwamba siku hii aliyoombwa na mkewe, moja tu katika maisha yote, ilikuwa ikiishia juu ya ngazi ya watu.

Tangi la mwisho lilikuwa bado nusu. Alimkabidhi dumu muuza maji mmoja, akamwambia amalizie, akaondoka bila kutazama nyuma.

Alimkuta Blandina mbali na wenzake, amekaa mchangani, kitenge kimelowa mpaka kiunoni na kuanza kukauka. Mbele yao bahari ilikuwa imejivuta mbali, imeacha mchanga mtupu, madimbwi na majani ya kijani.

"Asubuhi maji yalikuwa yanafika hapa tulipo," Blandina alisema.

"Yatarudi saa ngapi?"

"Sikuuliza."

Eliamini alikuwa amekuja kuomba radhi. Blandina aliinuka, akakung'uta mchanga, akaanza kutembea kuelekea kule maji yalikokwenda. Hakumwita, wala hakuharakisha. Eliamini alivua viatu, akakunja suruali na kumfuata, mikono mitupu, akikanyaga pale alipokanyaga yeye.