Gari Chini ya Turubai

Bwana Muhuri alifika kabla fundi hajamaliza kupanga bisibisi zake juu ya gunia. Jina hilo alibandikwa na mafundi wa pale barabarani, maana kila kibali cha kibanda kilisubiri muhuri wake. Alishuka garini, akamrushia fundi funguo.

"Nimelipata mnadani hili. Zuri, ila taa zake za ndani za njano kama za chumba cha maiti. Toa zote, nitilie LED nyeupe."

"Sawa, bosi. Na kibali changu?"

Bwana Muhuri akapigapiga mfuko wa shati. "Kiko hapa. Tuone kazi kwanza."

Fundi akafungua mlango wa gari. Asubuhi mkewe alimwambia mlangoni, watoto wakisikia: "Leo usirudi na maneno, baba watoto. Rudi na karatasi." Kesho greda lilikuwa linapita, na kibanda kisicho na kibali kingelala chini.

Gari lilikuwa la bluu, rangi mpya kabisa. Fundi alikibetua kifuniko cha taa ya darini, akavuta waya atazame kiungio. Akakisogeza karibu na macho.

Kiungio kilifungwa kwa uzi mweusi wa mshona viatu, mafundo matatu, kisha utepe juu. Wenzake walimcheka kwa uzi ule miaka nenda rudi: "Wewe unaunga waya au unashona ndara?" Hakuna mwingine aliyefunga hivyo.

Chini ya ile bluu gari lilikuwa jeupe. Teksi ya mdogo wake. Ilikamatwa kwa stika iliyopitwa na muda siku mbili, ikavutwa hadi yadi ya magari yaliyokamatwa. Mdogo mtu akawa anakwenda kusimama getini kutwa nzima, mvua yote yake, kwa sababu aliambiwa akiitwa asipokuwepo anarudi mwisho wa foleni. Siku kumi na moja. Ya kumi na mbili kifua kilimbana. Ya kumi na tisa walimzika. Hakuwahi kuitwa.

"Vipi, imekushinda?" Bwana Muhuri aliuliza kutoka kwenye benchi.

"Haijanishinda."

Akaendelea. LED ya kwanza haikuwaka, akaigeuza, ikawaka. Ya darini, za milangoni, ya buti. Mwanga mweupe ukaingia kila pembe, ukaonyesha hata kile ambacho ile njano ilikuwa ikikificha: kiti cha dereva kimebonyea umbo la mtu mwembamba. Bwana Muhuri hakuwa mwembamba.

Fundi hakukabidhi taa za ndani bila kuzijaribu gizani, na giza la mchana kwake lilikuwa turubai. Akalifunika gari zima, akajipenyeza nyuma ya usukani, Bwana Muhuri pembeni yake. Wakafunga milango. Taa zikazima.

Ile ya darini haikuzima. Ilibaki na mwanga hafifu, kama jicho la mtu anayejifanya amelala.

"Hiyo mbona bado?"

"Kuna umeme unavuja. Ni mdogo sana, balbu ya zamani haikuusikia. LED unaitosha."

"Nikadhani kuna mtu humu!" Bwana Muhuri akacheka. Cheko halikufika mbali.

"Yupo," fundi akasema. "Mdogo wangu."

Akamweleza, kwa sauti ileile ya kueleza habari za waya: uzi, stika, geti, mvua. Bwana Muhuri akajibana mlangoni.

"Mimi nimenunua kihalali. Nina karatasi."

"Najua, bosi. Hata aliyemfungia geti alikuwa na karatasi. Wote mna karatasi. Ndiyo maana mpaka leo sijui nimkunje nani shati."

Mle ndani pumzi zao zilikuwa zimeanza kutia ukungu kwenye vioo.

"Izime hiyo taa, fundi. Inazimika?"

Angeweza kumdanganya. Kwenye kopo lake kilikuwemo kidude cha kunyonya umeme uliovuja, kidogo kama punje ya mchele.

"Inazimika. Kazi ya dakika tano. Ila mimi siizimi."

"Usiniletee utoto. Kibali ninacho mimi."

"Kaa nacho."

"Kesho watakuvunjia!"

"Kwa hiyo utaendesha, au nikutolee turubai kwanza?"

Bwana Muhuri aliondoka kwa kasi, kioo kimoja hakijapandishwa vizuri. Fundi alisimama mpaka gari likapotea, kisha akachukua nyundo, akapanda juu ya pipa, akaanza kung'oa misumari ya paa lake.

Jirani yake, mziba pancha, akaja mbio. "Kaka, umerogwa? Si umetoka kumtengenezea Bwana Muhuri mwenyewe?"

"Nimemtengenezea."

"Sasa unabomoa nini?"

"Mabati ni yangu," fundi akasema. "Hawayagusi. Shika ncha hiyo, lisipinde."

Yule jamaa akashika.