Vijiti vya Febronia

Febronia alipita tena na ndoo kichwani, maji yakimchuruzika shingoni, na Anastazia akarudi nyuma ya pazia la mlango kama mwizi aliyesikia jina lake likitajwa. Aliijua safari ile. Ndoo ya kwanza ilikuwa ya kupikia na ya kunywa. Hii ya pili ilikuwa ya vijiti.

Nyua zao zilitenganishwa na ua wa minyaa tu, na penye upenyo aliona kila kitu. Febronia alipiga magoti, akachota kwa kikombe cha bati, akamimina polepole ili ardhi inywe bila kumwaga. Midomo yake ilicheza. Labda alikuwa anasali, labda alikuwa anazungumza navyo. Vijiti vilisimama mstari mmoja, vikavu, vya rangi ya udongo wenyewe.

"Febronia!" Sauti ya Bibi Luciana, mama mkwe wake, ilitoka barazani. "Mimi leo nimejifuta kwa kitambaa kibichi nikakiita kuoga, halafu wewe unanywesha kuni?"

"Vitaamka, mama."

"Kuni haziamki."

Anastazia aliuma upindo wa khanga yake. Katika Itigi nzima, yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba bibi yule anasema kweli.

Mzabibu ulikuwa umefika mjini pale ukiwa umeviringishwa kwenye gunia lenye maji. Gasto, kaka yake Anastazia, alikuwa kibarua katika shamba la zabibu upande wa Dodoma, na msimu wa kupogoa matawi yalitupwa kama takataka. Aliokota fungu akashuka nalo kwenye treni.

"Dada, usicheke," alimwambia. "Fukia nusu, nusu iache ione jua. Halafu vumilia. Mzabibu hauna haraka."

Ilikuwa miaka ile ghala la ushirika lilipofungwa, na Laurian, mumewe Anastazia, aliyekuwa mlinzi wake, akarudi nyumbani na rungu na tochi isiyo na betri. Redioni walisema uchumi umefunguliwa. Ni kweli, maduka yalijaa sabuni za kila rangi na redio za kila ukubwa. Kilichofungwa ni mifuko ya watu. Anastazia hakukaa kulia. Mche wa sabuni aliukata kwa uzi vipande vyembamba kama mkate wa ekaristi. Majani ya chai aliyaanika akayachemsha tena. Vyombo alivisugua kwa mchanga, ili maji yaliyoosha mchicha yaoshe sufuria, yaliyoosha sufuria yasuuze miguu ya watoto, na yaliyosuuza miguu yaende kwenye shina la mzabibu. Alipokosa waya wa kuutambazia alikwenda sokoni, pale wauza mitumba wanapofungua marobota, akaokota ile mikanda ya plastiki ngumu iliyotupwa, akaiunga mkanda kwa mkanda kutoka nguzo hadi nguzo. Watu walimcheka. Walisema mama yule akipiga chafya hurudisha pumzi ndani isipotee.

Katika fungu zima la Gasto, kijiti kimoja tu ndicho kilichoshika. Nacho kilipofika urefu wa goti, Anastazia alijifungua kwa kupasuliwa, kidonda kikaoza, akalala hospitali mpaka mvua zikapita na kiangazi kikaingia. Kitandani alikuwa ameshausahau mzabibu. Aliporudi aliukuta umeshika mkanda wa kwanza kwa vikono vyake vya kijani, umezungushiwa miiba mbuzi wasiufikie. Febronia ndiye aliyeumwagilia. Febronia, ambaye mumewe alikuwa amekwenda Shelui kutafuta dhahabu, akatuma salamu mara moja, kisha hata salamu zikakoma.

"Huu sasa una mama wawili," Febronia alisema akicheka, na Anastazia alicheka naye mpaka mshono ukamuuma.

Ulipozaa, Anastazia alizipanga zabibu kwenye ungo juu ya majani yake mwenyewe, akaenda stesheni. Treni ya kutoka Kigoma iliposimama, abiria waliochoka karanga na mahindi ya kuchemsha walitoa vichwa madirishani kama vifaranga. Ungo ulikwisha kabla filimbi haijalia. Kutoka kwenye ungo ule zikaja sare za shule, yakaja mabati ya jikoni, ikaja heshima. Wale waliomcheka sasa walimwita mama zabibu.

Ndipo Febronia alipokuja kuomba. Alikuja msimu wa kupogoa, akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Dada, matawi unayokata, usiyachome. Nipe na mimi nijaribu. Karanga zangu hazinunuliki tena, kila mtu ana karanga."

"Njoo asubuhi," alisema Anastazia.

Laurian alikuwa uani akichonga mpini wa jembe. Febronia alipokwisha kuondoka alisema, bila kuinua kichwa, "Mkiwa wawili pale stesheni, abiria atauliza: yule ananipunguzia, wewe je? Ndiyo soko huria lenyewe hilo." Akapuliza vumbi la mti, akaendelea kuchonga. Alikuwa anatania tu. Lakini neno lile lilimwingia mkewe kama mwiba, na hakulala vizuri.

Asubuhi alikata matawi mazuri, yaliyokomaa, yenye macho yaliyovimba. Alikusudia kutoa kwa moyo. Jikoni sufuria ya maji ya uji ilikuwa inatokota. Baadaye alijiapia mara nyingi kwamba hakupanga, lakini mkono haujisukumi wenyewe. Alishika fungu kama mtu anavyoshika mboga, akalizamisha, akahesabu pumzi zake kidogo, akalitoa. Alidhani vitageuka rangi, aogope, avitupe, akate vingine. Havikugeuka. Vilitoka vinang'aa, vizuri kuliko mwanzo. Akavifunga kwenye kitambaa kibichi.

Febronia alivipokea kwa mikono miwili, akapiga goti.

"Mungu akuzidishie, dada."

Mwaka ule pampu ya maji iliharibika. Wanawake walirudi kwenye korongo, kuchimba mchanga na kusubiri maji yajikusanye chini, machache na ya rangi ya chai. Kadiri kiangazi kilivyozidi, mashimo yalizidi kwenda chini, mpaka mchotaji akawa haonekani, inaonekana ndoo tu ikipanda. Kila mtu alipunguza safari. Febronia aliongeza.

Anastazia alijaribu. Siku moja alimkuta kwenye minyaa, akasema kama mtu anayekumbuka jambo dogo, "Hivyo vimekataa. Ving'oe, nitakupa vingine msimu ujao."

"Cha kwako kilikaa kimya muda gani?"

"Si sana."

"Uliniambia mwenyewe neno la Gasto, mzabibu hauna haraka." Febronia alifuta jasho. Midomo ilikuwa imempasuka kwa ukame. "Halafu, dada, mtu hatupi alichopewa. Ni kama kumtupa aliyempa."

Maneno yalimfika Anastazia kooni. Angesema pale pale, yangekuwa machungu ya siku moja. Akayameza. Akarudi ndani akawapigia watoto kelele kwa kosa ambalo hawakulifanya.

Wiki chache baadaye watu walisikika wakikimbia kuelekea korongoni. Ukingo wa shimo ulikuwa umeporomoka Febronia akiwa chini. Wenzake walikuwa wamekwisha kuchota wakaondoka. Yeye alikuwa amerudi kwa ndoo ya pili. Walimfukua kwa mabakuli na kwa mikono. Anastazia alichimba mpaka kucha zikatoka damu, akilia kwa sauti, na wanawake walimhurumia, wakasema: angalieni jirani anavyopenda. Febronia alitolewa hai, mchanga mdomoni, mguu wa kushoto umevunjika juu ya goti na chini ya goti.

Hospitalini alikuwa amefungwa mguu juu kwa kamba na mawe ya uzito. Anastazia alipomwekea uji mdomoni, Febronia alimshika mkono.

"Dada, naomba kitu kimoja. Vijiti vyangu. Mama hana nguvu. Nimwagilie wewe, kama nilivyokumwagilia wako."

Alikwenda siku ileile, mchana, jua likiwa kichwani. Alishika kijiti cha kwanza akavuta. Kilitoka kama kisu kwenye ala, bila hata uzi wa mzizi, ncha yake nyeusi na laini. Cha pili vilevile. Vyote vilevile. Alikaa chini akavitazama kwenye mapaja yake. Kisha aliruka minyaa, akakata matawi ya mzabibu wake, si ya pembeni bali yale mama, yaliyokuwa yabebe msimu ujao, akayapanda katika mashimo yaleyale.

Alipoinuka, Bibi Luciana alikuwa amesimama nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Bibi alitazama vijiti vilivyong'olewa, akatazama vilivyopandwa. Macho yakamjaa machozi. "Vilikufa, siyo? Mimi nilijua. Umembadilishia ili asivunjike moyo."

Anastazia alifungua mdomo.

"Usiseme kitu," Bibi Luciana alisema, akamshika bega. "Nami sitasema. Una moyo wewe, mwanangu. Wengi hawana."

Anastazia alivimwagilia kiangazi chote kilichobaki kwa maji aliyoyapunguza kwenye kinywa chake. Alikonda. Laurian alimwuliza kama anaumwa, akasema hapana. Febronia alirudi nyumbani juu ya magongo mvua za kwanza zikiwa zimenyesha, na vijiti vyake vilikuwa na majani, madogo, yamekunjamana kama masikio ya watoto wachanga. Alitupa magongo akakaa chini kwenye matope.

"Nilisema vitaamka," alisema. "Dada, si nilisema?"

Kwenye jumuiya, walipokutana kusali nyumba kwa nyumba, alisimama akatoa ushuhuda. Alisema amejifunza kwamba hakuna kijiti kikavu mbele ya Mungu, na hakuna jirani kama Anastazia. Watu waliimba. Anastazia aliimba nao, macho yameinama, akihesabu fito za dari mpaka wimbo ukaisha. Tangu siku ile aliacha kwenda kupokea komunyo. Alisema tumbo linamsumbua.

Na lile aliloliogopa halikutokea kamwe. Walipokuwa wawili stesheni, abiria walianza kuambizana kwamba Itigi kuna zabibu, wakawa wanashuka na vikapu kabisa. Nyungo mbili zilikwisha upesi kuliko ule mmoja. Febronia alitembea kando ya mabehewa akichechemea, mguu mmoja mfupi, akiuza akicheka, na kila mara treni ilipoanza kuondoka alikuwa nyuma, akijitahidi kulifikia dirisha la mwisho.

Miaka ilipita hivyo. Bibi Luciana alizeeka akafa kwa utulivu, na matanga yalipoanuliwa, Febronia alikuja uani kwa Anastazia, akakaa kwenye kigoda, mguu wake ameunyoosha.

"Mama kabla hajafa aliniambia siri yenu," alisema. "Kwamba vijiti vyangu vilikuwa vimekufa, ukanipandia vingine nikiwa kitandani."

Anastazia aliendelea kuchambua mchele.

"Nimekuja kushukuru. Lakini njiani nikajiuliza. Tangu wakati ule nimepanda vingi. Vingine hufa, vingine hushika, ndivyo ilivyo. Vile havikushika hata kimoja, na hakuna nilivyovimwagilia kama vile. Kwa nini, dada?"

Jua lilikuwepo mwaka ule, mchwa walikuwepo. Uongo ulikuwa umeiva, wa kupakua tu. Anastazia aliweka ungo chini.

"Niliviingiza kwenye maji ya moto."

"Ya moto?"

"Yaliyokuwa yanatokota. Kabla sijakupa."

Febronia hakupiga kelele. Aliutazama mguu wake kama mguu wa mtu mwingine.

"Na ulikuwa unaniona nikipita na ndoo."

"Nilikuwa nakuona."

"Kila siku."

"Kila siku."

Anastazia alisubiri atukanwe. Angeshukuru. Febronia alichukua fimbo yake, akainuka kwa shida, na Anastazia aliponyoosha mkono kumsaidia, mkono ule haukushikwa. Aliondoka bila kuaga.

Msimu mzima aliuzia mwisho kabisa wa stesheni, mbele karibu na injini. Wakikutana njiani walisalimiana, kwa sababu watu wazima hawapitani kimya. Salamu zilikuwa neno moja, bila kuulizana habari za nyumbani. Febronia hakumwambia mtu yeyote. Anastazia alisubiri habari zisambae, kanisani, sokoni, kwa Laurian. Hazikusambaa. Ukimya ule ulimlemea kuliko maneno.

Msimu wa kupogoa ulipofika, Faith, bintiye Febronia, alikuja kupiga hodi.

"Shikamoo. Mama anasema mguu haumruhusu kupanda stuli. Anasema uje na mkasi."

Alikwenda. Febronia alikuwa chini ya mzabibu wake, amesimamisha stuli ya miguu mirefu, mmoja umelegea. Aliishika kwa mikono yote miwili, akamwashiria kwa kichwa apande. Anastazia alipanda. Stuli ilitikisika, kisha ikatulia. Chini yake Febronia alikuwa ameikaza kwa nguvu zake zote. Mkasi ulilia, matawi yakaanguka.

Majirani wawili watatu walikuwa wamekuja kuomba vipande vya kupanda, maana siku hizi Itigi nzima ilitaka zabibu. Kazi ilipokwisha Febronia alikaa chini, akalivuta fungu mapajani. Alichukua kijiti cha kwanza, akakwaruza ganda kwa ukucha, akainamia kuona kijani chake, ndipo akakitoa. Akachukua cha pili, akakwaruza. Wale wanawake walisema, mama, vimekatwa sasa hivi tu, vyote ni vizima. Febronia alisema ndiyo, akachukua kingine.

Anastazia alisimama na mkasi mkononi. Hakuna aliyemwambia aende, wala hakuna aliyemwambia akae. Mwisho aliketi upande wa pili wa fungu, akaanza kumpitishia vijiti, kimoja kimoja, na Febronia alivipokea, na kila kimoja alikikwaruza.