Picha Isiyoambiwa Njia

Jumanne ya pili ya Julai, saa kumi na nusu alasiri, Ottilia alikuwa akigeuza kahawa kwenye kichanja nyuma ya nyumba yake huko Kitura, akichambua punje mbovu, mama yake alipotokea kwenye njia ya kisimani. Mama huyo, Avelina, alifariki mwaka 1996 na kuzikwa Lituhi, kando ya ziwa. Alikuwa amevaa viatu vya raba ambavyo havikuwa vyake, na alikuwa akitabasamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nipe maji. Nimetoka mbali."

Ottilia alichota maji mtungini, akampa kwa mikono miwili. Aliona kwamba tabasamu halikutoka hata midomo ilipogusa kikombe, na nusu ya maji ikamwagikia gauni. Gauni lenyewe lilikuwa la buluu.

"Gauni lako lilikuwa la njano," alisema Ottilia.

"La njano, ndiyo. Wamelipaka rangi hii huko. Hakuna aliyeniuliza."

Avelina alikaa kwenye kigoda mpaka jua lilipofika kwenye migomba ya jirani. Kisha akasema kwamba anaitwa, akaondoka kwa njia aliyojia. Ottilia akafunika kahawa kwa turubai kabla umande haujashuka.

Duniani ilikuwepo picha moja tu ya Avelina. Bruda mmoja, mtawa wa misheni ya Lituhi, ndiye aliyeipiga mwaka 1969, kwa kamera iliyosimama juu ya miguu mitatu. Avelina alikaa kwenye kiti cha mbao akiwa na gauni la njano, ingawa picha haikuwa na rangi. Ilikuwa siku ya nne tangu amzike Adrian, mtoto wake wa miaka miwili, aliyechukuliwa na surua. Bruda alimwomba atabasamu. Avelina alimtazama mpaka akaacha kuomba, na mtazamo huo ndio ulioingia kwenye picha. Binti zake wawili walipotaka kujua mtoto ana uzito gani katika moyo wa mama, waliiangalia picha ile na hawakuhitaji kuuliza tena.

Picha haikuwa ya mmoja. Mwaka mmoja ilikaa kwa Ottilia mlimani, mwaka uliofuata kwa mdogo wake, Beata, ziwani. Ilihama kila baada ya mavuno ya kahawa, imefungwa ndani ya kitenge, na kabla haijatoka, aliyekuwa nayo aliifungua na kuiambia njia yote: tutatoka Kitura, tutafika Mbinga mjini, tutapita Kitai, tutapita Ruanda, tutashuka Lituhi. Mwaka mmoja Beata alisahau kukitaja kijiji cha Ruanda. Gari lilivunjika ekseli pale pale Ruanda, wakalala hapo siku mbili, na abiria walipoelezwa sababu waliona ni ya haki.

Ottilia alijua kusoma akiwa na miaka hamsini na minane. Alisomea kisomo cha watu wazima kwenye ofisi ya kata, kwa Mwalimu Loveth, afisa maendeleo ya jamii aliyehamishiwa huko kutoka Kagera. Mwalimu Loveth aliwafundisha kujaza fomu za pembejeo na za bima ya afya, naye alisisitiza jambo moja kuliko mengine yote, kwamba kisanduku kisiachwe wazi, kwa sababu fomu yenye kisanduku kitupu hurudishwa. Katika miaka minne, fomu ya Ottilia haikurudishwa hata mara moja.

Mwezi Machi binti yake, Stella, alimtumia simu janja kutoka Dodoma, akamwelekeza kwenye tovuti ambako watu huweka picha za wazee wao, na ndugu waliopoteana hupatana. Ottilia alikuwa na kaka, Wendelin, aliyekwenda kwenye migodi ya kusini mwaka 1975. Barua zake zilikoma baada ya miaka mitatu. Mama yao alikufa akiwa bado anaacha chakula cha mtu mmoja sufuriani. Basi Ottilia aliipiga ile picha kwa simu, akaipeleka kwenye tovuti. Visanduku vilitokea vinne, vyote kwa Kiswahili. Je, wewe ndiye mwenye picha hii? Je, unaruhusu iongezewe rangi na mwendo? Je, unaruhusu itumiwe na washirika wetu? Je, umesoma masharti na kuyakubali? Cha pili na cha tatu havikuwa vya lazima. Masharti yenyewe yalikuwa ya Kiingereza. Ottilia alitia alama kwenye visanduku vyote vinne, bila haraka, kama alivyofundishwa, akabonyeza neno lililoandikwa Nakubali. Alijisikia vizuri siku hiyo nzima.

Picha ilisafiri, na hakuna aliyeiambia njia.

Avelina alizoea kuja Jumanne na Ijumaa. Alieleza alikopita, maana kila nakala yake ilipofunguliwa aliitwa huko. Kwenye nyumba moja ya ghorofa, watu wasiomjua walikuwa wamemwandika kuwa bibi yao. Kwenye duka moja alitundikwa juu ya dawa ya magoti. Mahali pengine alitakiwa kugeuza shingo na kukonyeza macho kila mtu alipogusa uso wake, na ni huko alikopewa tabasamu.

"Siwezi kulivua," alisema. "Nimejaribu hata kwa majivu."

"Na Wendelin?"

"Naangalia kila nyumba ninayoingizwa. Sijamwona."

Septemba Beata alipanda kutoka ziwani kuichukua picha, na kifurushi cha usipa, dagaa wakavu wa ziwani, kichwani. Alimsalimia dada yake, akamsalimia mama yao aliyekuwa kwenye kigoda, kisha akafungua kitenge. Ndani ya fremu kilikuwepo kiti cha mbao, peke yake.

Beata alikitazama kiti, akamtazama mama.

"Anacheka nini?"

"Hacheki," alisema Ottilia. "Wamemwekea."

"Nani kawaruhusu?"

Ottilia alieleza juu ya visanduku.

"Vyote vinne?"

"Kisanduku kikiachwa, fomu inarudishwa."

"Si ingerudi, dada! Ndiyo tuliyoitaka hiyo, ya kurudi." Beata alikaa chini, akavua ndala. "Msomi wetu. Zamani ukitia dole gumba, angalau ulikuwa unauliza kwanza wameandika nini."

"Nilikuwa namtafuta Wendelin."

"Na mimi unanijua niliko. Mbona hukuniuliza?"

Ottilia alikifungua kile kifurushi. Aliwasha moto, akawakaangia usipa, na mama yao akala huku akitabasamu.

Mwalimu Loveth alisoma masharti yote kwa alasiri tatu, akiyafasiri kifungu kwa kifungu, dada wawili wakiwa wamekaa kwenye benchi la ofisi ya kata. Ruhusa ilikuwa ya dunia nzima. Ilikuwa ya kudumu. Haikuweza kufutwa na aliyeitoa, na aliyepewa aliweza kumgawia mwingine.

"Tena, Mama Stella, huenda kisanduku cha kwanza nacho hukukijibu sawa," alisema mwalimu. "Picha mara nyingi ni haki ya aliyeipiga."

"Bruda alishakufa," alisema Beata. "Naye anakuja? Tumuulize?"

"Hajaja," alijibu Ottilia.

"Nilipaswa kuwafundisha pia kuacha kisanduku wazi," alisema Mwalimu Loveth. "Haimo kwenye mtaala."

Waliandika barua. Ottilia aliiandika mwenyewe kwa Kiswahili, kwa mwandiko wa mstari, na mwalimu akaifasiri. Alieleza kwamba mama yake hakutabasamu siku ile kwa sababu ya Adrian, na akaomba uso wake urudishwe kama ulivyokuwa. Jibu lilikuja baada ya siku tisa, la upole. Walimshukuru kwa kuwashirikisha kumbukumbu ya familia. Aliweza kuiondoa picha kwenye ukurasa wake wakati wowote. Nakala zilizokwisha kutoka zingebaki zilipo. Kuhusu uso halikuandikwa neno.

"Basi iondoe," alisema Beata. "Angalau kwetu isiwepo."

Ottilia aliiondoa Alhamisi. Tovuti ilimuuliza kama ana hakika, naye akasoma swali hilo mara tatu kabla ya kujibu.

Ijumaa Avelina alikuja saa yake. Alisimama mwisho wa njia ya kisimani, akaangalia kichanja, akaangalia nyumba.

"Hodi. Samahani, hapa ni kwa nani?"

Ottilia aliuweka ungo chini. Alielewa kwamba nakala zote zilizobaki zilikuwa za watu wengine, na kwamba ile moja aliyoifuta ndiyo pekee iliyomtaja yeye kuwa binti.

"Karibu, mama. Shikamoo. Ni kwa Ottilia."

"Marahaba. Jina zuri. Naomba maji, nimetoka mbali."

Jumanne iliyofuata walishuka Lituhi wote watatu, kwa kuwa ilikuwa zamu ya Beata, na desturi haikuwa imesema lolote juu ya picha isiyo na mtu. Ottilia alikifungua kitenge, akakiambia kiti njia yote. Avelina alisikiliza pia, kwa adabu ya mgeni, na kwenye basi alikaa kati yao akashika kifurushi mapajani. Ruanda walipita salama.

Makaburi yako juu ya mchanga, hatua chache kutoka kwenye vichanja vya kuanikia usipa. Avelina alipita mbele ya kaburi lake bila kusimama. Alisimama kwenye kaburi fupi la pembeni, ambalo msalaba wake Beata huupaka chokaa kila Novemba.

"Na huyu mtoto wa nani?" aliuliza.

Beata aligeuka kuliangalia ziwa. Ottilia ndiye aliyemwambia: jina, miaka miwili, surua, siku ya nne, kiti, bruda. Alimwambia yote kwa mpangilio, bila kuruka kituo.

Avelina alisikiliza mpaka mwisho.

"Poleni sana," alisema, akitabasamu, na kwa kuwa alikuwa anaitwa, akawaaga.