Maji Yaliyokataa Kugeuka

Tangu watoke Migori hadi hospitali ya Homa Bay, Filister alikuwa akijidanganya kwamba ni malaria tu. Malaria aliijua. Lakini malaria gani hii ya kumtoa mumewe, Nashon, udenda mpaka leso ilowe chapachapa, na mboni za macho kuwa ndogo kama tundu la sindano?

Daktari Onsongo alimmulika Nashon machoni, kisha akanusa shati lake.

"Huyu alikuwa anapiga dawa ya pamba?"

"Ndiyo, daktari. Jana alimaliza shamba yote."

Daktari alimdunga Nashon sindano, akamtoa damu kidogo kidoleni, kisha akamgeukia Filister. "Na wewe leta kidole. Nataka damu ya mtu hana ugonjwa, nilinganishe."

Matone yakatiwa kwenye vichupa viwili vya maji ya kijani. Damu safi, daktari alieleza, huyageuza maji hayo kuwa manjano. Damu iliyoingiwa na sumu huyaacha vilevile.

Filister alikikodolea macho kichupa cha mumewe, akakibembeleza kimoyomoyo kama mtoto anayekataa uji. Geuka basi. Geuka. Hakikugeuka. Angalau ugonjwa umejulikana, alijituliza, na pumzi za Nashon zimeanza kutulia.

Ndipo alipomwona daktari ameinamia kichupa cha pili, kile chenye damu yake Filister. Nacho kilikuwa kijani kama majani ya kunde.

"Mama, wewe pia ulipiga dawa?"

"Hapana! Mimi hata shamba sikufika."

"Na nyumbani? Hiyo dawa iliingia nyumba?"

Filister aliitazama mikono yake.

Iliingia. Kunguni walikuwa wamemtesa binti yao, Marcella, usiku baada ya usiku, na kijijini kila mama alifanya hivyo: dawa ikibaki kwenye bomba, unapaka kitanda. Jana jioni alichovya kitambaa, akalisugua godoro la mtoto kwa mikono mitupu, kila pembe, kwa mapenzi yake yote. Na asubuhi, walipompakia Nashon kwenye gari, alichungulia chumbani, akamkuta Marcella ametulia tuli. Akashukuru Mungu kwamba leo mtoto amelala, akamfunika vizuri, akaondoka.

"Nyathina!" Filister alipiga yowe, akamshika daktari koti. "Mtoto wangu! Daktari, gari! Mtoto iko kwa hiyo kitanda!"