Mwalimu Ndalahwa na Wiki ya Pili

Mwalimu Ndalahwa alipostaafu, hakutaka kushinda barazani Kiseke akiangalia wapita njia. Binti yake alimwonyesha kwenye simu vyuo vya ng'ambo vinavyofundisha bure mtandaoni, na mzee akajiandikisha kama anayejipakulia pilau ya harusi: elimu ya nyota, ufugaji nyuki, falsafa ya Wagiriki na kozi nyingine kumi na moja. Wiki ya kwanza ya kila kozi aliijua vizuri sana. Ya pili hakuwahi kuiona. Mara mtandao umekatika, mara bando limeisha, mara mhadhiri anaongea haraka mno.

Asubuhi moja akaja jirani yake Modesta, anayekausha dagaa ufukweni Igombe.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mama."

"Nasikia unasoma na Wazungu. Hawana somo la dagaa? Mvua zikianza, wangu wanaozea kwenye chanja ninapowaanika."

Lilikuwepo la kuhifadhi samaki, la wiki nne, kwa Kiingereza. Ndalahwa akamwandikisha na kuahidi kumtafsiria, akiamini moyoni kwamba mama huyu atachoka mapema.

Modesta hakuchoka. Kila jioni alifika na daftari, na bando likiisha aliweka la kwake. Wiki ya pili Ndalahwa akajaribu kufupisha maelezo ya mhadhiri ya dakika tano kwa sentensi moja.

"Amesema yote hayo, mwalimu, na maana yake ni 'kausha vizuri' tu?"

Ndalahwa akairudisha video mwanzo, safari hii na kamusi mapajani.

Zoezi la mwisho wanafunzi walisahihishana wenyewe. Modesta alieleza anavyokausha dagaa wake, mwalimu akaandika. Baada ya siku tatu majibu yakaja. Mwanafunzi mmoja wa Norwei alikuwa amemnyima alama kwa kukosa jokofu. Ndalahwa alimsomea kwa sauti ya chini, kana kwamba amefeli yeye.

"Muulize huyo," Modesta alisema, "kwao jua linawaka saa ngapi kwa siku."

Mwalimu akauliza hivyohivyo, ila kwa adabu zaidi.

Mwanamke wa Peru yeye alimpa alama zote, akaomba na picha za chanja, maana hata kwao mvua inawatesa. Modesta akafaulu. Cheti chenyewe kilitaka kulipiwa, kwa hiyo alipata ujumbe wa pongezi tu, akataka asomewe mara mbili. Ilikuwa kozi ya kwanza Ndalahwa kuifikisha mwisho, japo jina lililopongezwa halikuwa lake.

Jumamosi akaenda Igombe kupiga picha. Modesta alikuwa ameinua chanja juu kama walivyofundishwa, na kununua turubai la nailoni. Mwalimu alipoinua simu, matone yakaanza kudondoka.

"Picha baadaye," Modesta akasema, akimpa ncha ya turubai. "Shika hapo, uvute."

Ndalahwa akatia simu mfukoni, akavuta.